Kompyuta ya Kununua Mara Moja: Tanguliza Kazi, Chapa Ifuate

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye fedha ya kompyuta moja tu: mwanafunzi anayeingia chuo, mhasibu wa duka la jumla, mwalimu anayetunga mitihani nyumbani, kijana anayerekodi muziki chumbani. Akikosea, hana fedha ya kununua nyingine. Na kukosea ni rahisi, kwa sababu kila atakayemwuliza ana upande wake. Mmoja hajatumia kitu kingine zaidi ya Windows tangu shule, mwingine haambiliki kuhusu Mac yake, wa tatu anaapa kwamba Linux ndiyo iliyomwondolea virusi. Wote wanasema kweli kuhusu kazi zao wenyewe. Wewe una kazi yako.

Jambo la kushika ni mpangilio wa maswali: kazi kwanza, kisha programu, kisha mfumo endeshi, kisha mashine. Mapenzi yako binafsi yana nafasi yake, na ni ya heshima, lakini ni ya mwisho.

KWA NINI MPANGILIO HUU

Kompyuta ina matabaka matatu. Chini ipo mashine yenyewe: prosesa, RAM, diski, kioo, betri. Katikati upo mfumo endeshi: Windows, macOS, Linux au ChromeOS. Juu zipo programu unazofanyia kazi. Muuzaji anakuuzia tabaka la chini, lakini riziki yako inatoka tabaka la juu. Programu ndizo zinazoamua mfumo upi ukae katikati, na mfumo ndio unaoamua mashine ipi ikufae.

Anayeanzia chini hukwama juu. Chukua mhasibu aliyenunua MacBook yenye chipu ya M1, kisha akaajiriwa mahali ambapo vitabu vyote vya hesabu vimo ndani ya TallyPrime, programu ya Windows. MacBook za zamani zenye prosesa za Intel ziliweza kuwekewa Windows na kuwashwa nayo moja kwa moja. Zenye chipu za Apple, zilizoanza kutoka Novemba 2020, haziwezi. Itambidi atumie programu nyingine ya kuendesha Windows ndani ya macOS, na hata hapo mashine ya kuchapisha risiti inaweza kukataa kwa kukosa draiva. Mashine yake ni nzuri kabisa. Ni vile tu haikununuliwa kwa kazi ile.

Sababu nyingine ni umri wa mfumo. Mashine huweza kuwa nzima, kioo safi, kibodi haijafutika herufi, lakini mfumo wake umekwisha muda wa kupata masasisho ya usalama. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft ikasitisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo hakuna kompyuta iliyozimika, lakini tangu hapo kila tundu jipya la usalama linalogunduliwa hubaki wazi kwa ambaye hajachukua hatua. Kwa hiyo unaponunua, uliza pia mfumo utakaoikalia mashine hiyo una miaka mingapi mbele.

SANDUKU LA 1: PROGRAMU IPI INAKAA WAPI

• Windows pekee: TallyPrime, Microsoft Access, ArcGIS Pro, Revit.
• Mac pekee: Final Cut Pro na Logic Pro. Ukitaka kutengeneza programu za iPhone na kuzipeleka dukani kwa Apple, utahitaji Xcode, nayo ni ya Mac.
• Windows na Mac: Microsoft Office kamili, AutoCAD, Adobe Photoshop na Premiere Pro, SPSS, FL Studio.
• Windows, Mac na Linux: LibreOffice, Firefox, Chrome, VLC, GIMP, QGIS, Blender, DaVinci Resolve, Stata, R na Python.
• Popote penye kivinjari: Google Docs, Gmail, Office ya mtandaoni, na mifumo mingi ya vyuo na serikali.

Kabla ya kununua, thibitisha kwenye tovuti ya mtengenezaji wa programu toleo unalolihitaji linataka mfumo gani na RAM kiasi gani.

MIFUMO MINNE, BILA USHABIKI

Windows. Ndiyo inayopatikana karibu kila ofisi, kila stationery na kwa kila fundi. Ukipeleka faili la kuchapisha, litafunguka. Ukikwama, jirani atajua pa kubonyeza. Ubaya wake: virusi vingi huandikwa kwa ajili yake, hushusha masasisho makubwa yanayokula bando, na Windows 11 inabagua mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Hiyo GB 4 ni ya kuwashia tu. Kwa kazi ya kweli anza na GB 8, na kama uwezo upo fika GB 16.

macOS. Inapatikana kwenye mashine za Apple pekee. MacBook Air ya M1 na zilizofuata hazina feni, hazichemki ovyo, na betri yake ikiwa nzima humaliza siku ya kazi. Rangi za kioo zinaaminika, ndiyo maana wapiga picha na wahariri wa video huzipenda. Ubaya wake: RAM haiongezwi baada ya kununua, SSD ya MacBook si ya kubadilisha kwa fundi wa kawaida, na vipuri ni ghali. Jihadhari na Mac za Intel zinazouzwa bei ya kuvutia. Mwaka 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa prosesa za Intel, na hata Tahoe yenyewe inakubali Mac chache tu za aina hiyo.

Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Leo huja kwa sura nyingi. Za kuanzia ni Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint, ambayo mpangilio wake hautamshangaza aliyezoea Windows. Ni bure, haidai leseni, na hufufua mashine zilizokataliwa na Windows 11. Ubaya wake: Microsoft Office na programu za Adobe hazisakinishwi humo kwa njia ya kawaida, baadhi ya printa husumbua, na mafundi wengi wa mtaani hawaijui. Waraka wa Word wenye majedwali mengi unaweza kupanguka ukifunguliwa na LibreOffice. Mtihani wa nusu muhula hautakusumbua. Ripoti ya mshauri yenye makro itakusumbua.

ChromeOS. Ni ya Chromebook, mashine nyepesi zinazotegemea kivinjari. Kwa mtu wa barua pepe, Google Docs na madarasa ya mtandaoni, inatosha. Bila intaneti hupungukiwa na mengi. Chromebook nyingi za mtumba zimetoka mashuleni huko nje, zina RAM GB 4 na diski ndogo, na kila modeli ina tarehe yake ya mwisho ya masasisho. Itazame kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu ChromeOS. Kama inakuletea ukurasa unaosema inasimamiwa na shule fulani, usinunue.

HATUA NANE ZA KUFIKIA UAMUZI

1. Andika kazi tano unazozifanya kila wiki. Andika za kweli. Kama hujawahi kuhariri video na huna mteja wa video, usinunue mashine kwa ajili ya video utakayoifanya siku moja.

2. Mbele ya kila kazi andika programu, na aina ya faili unazopokea kwa wengine. Mwajiri akikuletea Excel yenye makro, hiyo ni programu ya lazima hata kama wewe hukuichagua.

3. Tenga za lazima na zenye mbadala. Photoshop ya kukatia picha za pasipoti ina mbadala. Revit ya ofisi ya wasanifu majengo haina. Programu moja tu ya lazima inatosha kukuamulia mfumo.

4. Orodhesha vifaa vitakavyochomekwa: printa, skana, mashine ya risiti, kadi ya sauti ya studio, modemu. Angalia draiva za kila kimoja. Hapa ndipo penye mtego wa laptopu mpya za Windows zenye prosesa za ARM, kama zile za Snapdragon zilizoenea tangu 2024. Betri zake hudumu na nyingi ya programu za kawaida hukubali, lakini kifaa cha zamani kisicho na draiva ya ARM hakitafanya kazi.

5. Uliza nani atakutengenezea. Nenda kwa fundi unayemwamini na umwulize: kioo cha modeli hii unakipata? Betri je? Kibodi? Laptopu za ofisini kama ThinkPad, Latitude na EliteBook zimejaa sokoni, ndiyo maana vipuri vyake si vya kutafuta kwa tochi.

6. Hesabu umeme na bando. Kama umeme unakatika kwenu mara kwa mara, kompyuta ya mezani itahitaji UPS, na hiyo ni gharama ya ziada. Laptopu huja na betri yake. Kama unaishi kwa bando la simu, washa mara moja kile kipengele cha Windows cha kuhesabu muunganisho kuwa wa kulipia kwa kiasi, ili masasisho makubwa yasishuke bila idhini yako. Kisha panga siku ya kuyashusha penye Wi-Fi. Usiyazime moja kwa moja.

7. Jumlisha gharama yote: mashine, RAM ya kuongeza, betri kama imechoka, leseni za programu, begi, UPS, na diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Mashine ya bei nafuu inayohitaji betri, chaja na SSD inaweza kukugharimu zaidi kuliko ile uliyoiona ghali.

8. Hapa sasa sikiliza moyo wako. Kama mifumo miwili imebaki na yote inakidhi, chukua unaoupenda. Kibodi inayokubali vidole vyako, kioo kisichokuumiza macho, mpangilio wa madirisha usiokukera: haya utakutana nayo kila siku kwa miaka. Upendeleo wa namna hii ni sababu halali kabisa, mradi umekuja baada ya hatua saba.

KUSOMA JINA LA PROSESA

Muuzaji atakwambia, «Hii Core i5, kali sana.» Core i5 ya mwaka gani? Jina hilo peke yake halisemi kitu. Tazama tarakimu zinazofuata.

• i5-6300U: tarakimu ya kwanza ni 6, kizazi cha 6. Windows 11 haiikubali rasmi.
• i5-7300U: kizazi cha 7. Hali ni hiyohiyo.
• i5-8350U: kizazi cha 8. Inakubalika.
• i5-10210U na i5-1135G7: hapa tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazohesabiwa, yaani kizazi cha 10 na cha 11.

Laptopu za karibuni zenye maandishi «Core Ultra» ni za mfumo mpya wa majina ulioanza mwishoni mwa 2023. Zote ni changa vya kutosha.

Usiishie kwenye jina la modeli. HP EliteBook 840 G3 huwa ya kizazi cha 6 na G4 cha 7, lakini Lenovo ThinkPad T480, ambayo wengi huinunua kwa kujua ni kizazi cha 8, ilitoka pia na prosesa za kizazi cha 7. Mbili zinaweza kukaa pamoja kwenye rafu moja, rangi moja, bei moja. Na stika ya pembeni mwa kibodi isikudanganye. Stika hubanduliwa na kubandikwa. Soma ndani ya mashine.

KUKAGUA LAPTOPU YA MTUMBA DUKANI

Iwe Kariakoo, iwe Luthuli Avenue Nairobi, utaratibu ni mmoja. Nenda mchana, usiwe na haraka, na beba flashi, spika za masikioni na simu yenye bando. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa mashine ya Windows:

1. Iwashe kutoka kuzimwa kabisa. Ikidai nenosiri kabla hata nembo ya Windows haijatokea, hilo ni nenosiri la BIOS. Kama muuzaji halijui, iache.

2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Soma jina la prosesa na kiasi cha RAM. Linganisha na ulichoambiwa.

3. Rudia kwa tpm.msc. Tafuta penye toleo. Unataka kuona 2.0. Kama inasema chipu haionekani, huenda imezimwa tu kwenye BIOS. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako.

4. Andika winver. Itakuonyesha toleo la Windows. Kisha ingia kwenye mipangilio uone kama imeamilishwa. Windows 11 ikiwa ndani ya mashine ya kizazi cha 6, ujue fundi aliipiga kwa kuruka masharti. Inawaka na inafanya kazi, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuisasisha.

5. Kagua betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotajwa. Humo kuna namba mbili: ujazo iliotengenezwa nao na ujazo inaobeba sasa ikijaa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili ni 22,000, imebaki na chini ya nusu ya uwezo wake. Punguza bei kwa kiasi cha betri mpya au tafuta nyingine.

6. Bonyeza kila kitufe cha kibodi ndani ya Notepad, na utazame mpangilio wake. Mashine zilizotoka Ujerumani huwa na Y na Z zimebadilishana nafasi, na alama nyingine zimehamahama. Kuzoea kunawezekana, lakini uamue mwenyewe ukiwa dukani.

7. Jaribu kila tundu kwa flashi, jaribu kamera, maikrofoni, spika na Wi-Fi. Weka kioo cheupe kizima utafute madoa, kisha cheusi utafute mwanga unaovuja pembeni.

8. Soma chaja. Penye neno INPUT panatakiwa pawe 100–240V. Chaja nyingi za laptopu ziko hivyo. Kwa kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani angalia zaidi: baadhi zina swichi ya volti nyuma, na ikiwa imewekwa 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, utasikia mlio mmoja tu.

Kwa Mac:

1. Shikilia kitufe cha Option, bonyeza nembo ya Apple, ingia kwenye taarifa za mfumo. Sehemu ya umeme itakuonyesha idadi ya mizunguko ya betri. MacBook za sasa zimepangiwa mizunguko 1,000. Yenye 150 na yenye 900 hazistahili bei moja.

2. Humo humo, sehemu ya vifaa, angalia hali ya kufuli ya uamilishaji. Ikiwa imewashwa, maana yake mashine bado imefungwa kwa akaunti ya mtu mwingine. Muuzaji aifungue mbele yako au usinunue.

3. Taka ifutwe na iwashwe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Mac iliyokuwa mali ya kampuni au shule, na haikuondolewa kwenye orodha yao, itatangaza hapo kwamba inasimamiwa kwa mbali. Kuna mafundi wanaolikwepa tangazo hilo kwa ujanja. Hurudi ukifuta tena.

Usiondoke bila risiti yenye namba ya mashine, jina la duka, na muda wa waranti ulioandikwa kwa kalamu. Waranti ya mdomo haisomeki.

KAMA TAYARI UNA MASHINE YA WINDOWS 10

Kabla ya kununua nyingine, pima njia hizi.

• Mashine ni kizazi cha 8 kwenda juu na ina TPM 2.0. Panda Windows 11 kwa njia rasmi, bila malipo, baada ya kuhifadhi nakala.
• Mashine haikidhi, na programu zako ni za Windows tu. Microsoft ilitoa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watu binafsi wanaojiandikisha, ya hadi Oktoba 2026. Ichukue kama muda wa kuchanga fedha.
• Mashine haikidhi, na kazi zako ni kivinjari, barua na nyaraka. Weka Linux Mint. Ukibadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD na kuongeza RAM ifike GB 8, hutaamini ni kompyuta ileile.

KUJARIBU LINUX BILA KUFUTA KITU

Uzuri wa Linux ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi, ukaitumia, kisha ukazima na kurudi Windows kama ulivyoiacha.

1. Penye Wi-Fi nzuri, pakua faili la Linux Mint kutoka tovuti yao rasmi. Ni takribani GB 3. Toleo la Xfce ni jepesi kwa mashine dhaifu, la Cinnamon ni la kupendeza zaidi.

2. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana. Itafutwa yote.

3. Tumia programu ya Rufus au balenaEtcher kuliandika faili lile kwenye flashi. Kulinakili kwa kuburuta kama picha hakutafanya kazi.

4. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 kwa Lenovo na Dell, au F9 kwa HP. Chagua flashi.

5. Mint ikifunguka, usibonyeze kitufe cha kusakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa kioo, printa, na ufungue waraka wako mgumu kuliko yote. Kufungua vitu kutakuwa kwa pole kwa sababu inasoma kwenye flashi. Hilo lisikukatishe tamaa.

6. Ikikufaa, hifadhi nakala za mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha ndipo usakinishe. Unaweza kuiweka kando ya Windows uchague wakati wa kuwasha.

ONYO: Laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe bila kukuuliza. Ukigusa mipangilio ya BIOS au kugawa diski, Windows inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, uutafute ufunguo huo na kuuandika mahali, kabla hujaanza chochote.

SANDUKU LA 2: MAKOSA YANAYOJIRUDIA

• Kununua prosesa kubwa yenye diski ya kizamani. Core i7 yenye diski ya kuzunguka huchechemea nyuma ya i5 yenye SSD. SSD si ya kujadili.
• Kuchukua Mac ya RAM GB 8 kwa kazi nzito ukidhani utaongeza baadaye. Hutaongeza.
• Kupigiwa Windows na Office za kukraki. Kile kijiprogramu cha kuamilisha hutaka uzime kinga ya virusi kwanza, na wewe hujui kingine kinachoingia pamoja nacho. Mwanafunzi, uliza chuoni: vyuo vingi huwapa wanafunzi akaunti za Office au Google bila malipo.
• Kuhamia mfumo mpya wiki ya mitihani, au mwisho wa mwezi wa hesabu. Hama wakati huna haraka.
• Kununua mfumo anaoutumia rafiki ili akusaidie, huku programu yako ya lazima haipo humo. Rafiki atakusaidia kila kitu isipokuwa kazi yako.
• Kuamini kwamba Mac au Linux haziguswi na wezi wa mtandaoni. Ukijaza nenosiri lako kwenye ukurasa bandia wa benki, mfumo endeshi hauna msaada.
• Kufuta mashine ya zamani siku ileile uliyonunua mpya. Iache kama ilivyo mpaka umalize mwezi mzima wa kazi kwenye mpya.

ORODHA YA KUBEBA MFUKONI

☐ Kazi tano na programu zake nimeziandika
☐ Programu za lazima zinakubali mfumo huu
☐ Printa na vifaa vingine vina draiva
☐ Prosesa nimeisoma ndani ya mashine
☐ RAM ni GB 8 au zaidi, na najua kama inaongezeka
☐ Diski ni SSD, GB 256 au zaidi
☐ Mfumo bado unapata masasisho ya usalama
☐ Hakuna nenosiri la BIOS, kufuli ya akaunti wala usimamizi wa mbali
☐ Betri nimeipima kwa namba
☐ Fundi wangu anaijua modeli hii
☐ Risiti ina namba ya mashine na muda wa waranti

WIKI YA KWANZA NYUMBANI

Waranti ya mtumba huwa fupi, kwa hiyo tumia siku za mwanzo kuichosha mashine. Ingiza programu zako zote za lazima siku ya kwanza, usingoje zihitajike. Chapisha waraka halisi kwa printa halisi. Fanya simu ya video ya saa nzima uone kama inachemka au inajizima. Iache ijae chaji, kisha ifanyie kazi mpaka iishe ukiandika muda. Weka ratiba ya kuhifadhi nakala, moja kwenye diski ya nje na moja mtandaoni. Kasoro yoyote utakayoiona, irudishe mashine dukani siku hiyohiyo ukiwa na risiti mkononi. Na rafiki akikucheka kwamba umechukua mfumo usio wake, mwonyeshe zile kazi tano ulizoziandika, kisha umwombe akuonyeshe zake.